Juu kwanza, mashine baadaye: hotuba kwa wenye stesheni za kufuatilia ndege nyumbani

Wakuu, wengi mlinitumia ujumbe kwamba mvua iliwazuia kufika Jumamosi, kwa hiyo haya hapa ni maneno yote niliyosema pale ukumbini, nimeyaandika yalivyotoka, picha za ukutani tu ndo nimeziruka.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Dada zetu mliotoka Bagamoyo na Kibaha alfajiri na mvua ile, asanteni sana, nimefurahi mno kuwaona.

Naanza na swali na naomba mnyooshe mikono bila wasiwasi. Nani humu ndani ameshanunua amplifaya, kile kifaa cha kukuza ishara, kwa ajili ya stesheni yake? Haya, mikono mingi. Nani amebadilisha risiva zaidi ya mara moja? Bado mikono ipo. Sasa nani, kabla hajatoa hela yake, alipanda juu ya nyumba akasimama pale antena ilipo akaangalia pande zote nne antena yake inaona nini? Mnaona wenyewe. Mikono imeshuka karibu yote.

Basi mimi leo nimekuja na neno moja na nitalirudia mpaka mlikariri. Juu kwanza. Kabla ya mashine, juu. Kabla ya amplifaya, juu. Kabla hujaagiza kitu nje ukakaa unasubiri mzigo, juu kwanza.

Kuna wageni wameingia leo kwa mara ya kwanza, niwaeleze kwa kifupi tunafanya nini halafu tuendelee. Ndege kubwa, na siku hizi ndege ndogo nyingi pia, zina kifaa kinaitwa transponda. Transponda inatangaza kwenye masafa ya megahezi 1090 kwamba mimi ni fulani, niko hapa, niko juu kiasi hiki, naenda kasi hii. Mfumo unaitwa ADS-B. Ndege ikiwa angani inatuma mahali ilipo kama mara 2 kila sekunde, kasi yake mara 2 kila sekunde, na jina la safari kila baada ya sekunde 5 hivi. Sisi hatutumi chochote, tunasikiliza tu. Unahitaji antena, waya, kidude cha USB, hicho ndo risiva yetu, kile ambacho asili yake kilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia TV kwenye kompyuta, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya kusoma ujumbe. Mwaka 2012 ndo watu waligundua kwamba kidude kile cha TV kinaweza kugeuzwa redio ya kusikiliza karibu kila kitu, na toka hapo kazi hii ikatoka mikononi mwa wenye hela ikaja kwetu.

Sasa sikilizeni kitu muhimu. Ule ujumbe wa ndege una biti 112 na unapita hewani kwa maikrosekunde 120 tu. Ndani yake biti 24 za mwisho ni za ukaguzi, yani programu inapiga hesabu, hesabu ikigoma ujumbe wote unatupwa. Hakuna kusikia nusu. Kwenye redio ya kawaida sauti ikikwaruza bado unaambulia maneno mawili matatu, hapa huambulii kitu. Ndo maana tofauti ya nguvu kidogo tu pale kwenye antena inaleta tofauti kubwa sana kwenye ramani yako. Na ndo maana nasema amplifaya haikusaidii kwa kitu ambacho antena haikukipata, inakuza kile ilichopewa, ikipewa kelele inakuza kelele.

Tuingie kwenye lile la kwanza, na hili nitakaa nalo sana.

Kigamboni yupo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu anayependa ndege kuliko mtu yeyote ninayemjua. Watoto wake walimletea vifaa vyote kamili. Antena wakaiweka darini, chini ya bati, karibu na dirisha dogo la upande wa baharini, kwa sababu huko juu waliogopa mvua. Stesheni ikawaka, ndege zikaonekana, mzee akafurahi. Ila ramani yake ilikuwa kipande cha tikiti, ndege zote ziko upande mmoja kwenye pembe moja inayoelekea baharini, kwingine kote kweupe. Ndege inatokea Unguja anaiona, ikifika juu ya mji inapotea, anaisikia kwa masikio yake ikipita lakini kwenye skrini haipo. Akashauriwa abadilishe risiva. Akabadilisha. Akashauriwa amplifaya. Akaweka. Kipande cha tikiti kikabaki vilevile.

Jamani, bati ni chuma. Wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27 na nusu, halipiti kwenye bati, linaingilia dirishani na kwenye upenyo tu. Mzee wa watu alikuwa anasikiliza anga nzima ya Afrika Mashariki kupitia dirisha moja. Mjukuu wake ndo aliichukua antena ileile, waya uleule, akaifunga kwenye bomba la antena ya TV la zamani lililokuwa juu ya paa, bomba ambalo lilikuwa limekaa bure miaka yote. Jioni ileile mzee alikuwa anaona ndege zinazopita upande wa Tanga, anaona zinazotoka Dodoma. Hakununua kitu. Antena ileile! Risiva ileile! Ilipanda mita chache tu.

Sasa mtu ataniuliza, mita chache zinasaidiaje wakati ndege iko juu kilomita 10? Swali zuri na lina hesabu yake, na hesabu hii iandikeni. Chukua urefu wa antena kutoka chini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Fanya hivyohivyo kwa urefu wa ndege. Jumlisha. Hizo ndo kilomita ambazo antena na ndege wanaweza kuonana kabla dunia haijajikunja katikati yao. Ndege iliyo futi 35,000, yani mita 10,668, inakupa kilomita 425. Antena iliyo mita 10 inaongeza 13. Antena iliyo mita 3 inaongeza 7. Kwa hiyo kwa ile ndege ya mbali, kupanda kutoka mita 3 hadi mita 10 kumekuongezea kilomita 6 tu, si kitu.

Faida iko kwingine. Faida ni kwamba ukiwa mita 3 una nyumba ya jirani, una ukuta, una mwembe wenye majani yaliyolowa, una lile tenki la maji jeusi juu ya mnara wake, na kila kimoja kati ya hivyo kinafunika kipande cha upeo. Majani mabichi yanakula mawimbi, maji kwenye tenki ndo kabisa. Nimeona watu wanafunga antena ubavuni mwa tenki kwa sababu mnara wa tenki ndo kitu kirefu kuliko vyote pale nyumbani, wazo ni zuri, ila ipandishe ipite juu ya tenki, isikae pembeni yake, la sivyo upande mmoja wa dunia umeufunga kwa maji lita elfu mbili.

Halafu kuna vitu huwezi kuvihamisha. Mtu aliyeko bondeni nyuma ya vilima vya Pugu, mtu aliyeko Morogoro chini ya Uluguru, mtu wa Korogwe na Usambara yake, hao mlima umeshaamua. Ipo tovuti inaitwa HeyWhatsThat, unaweka mahali ulipo na urefu wa antena inakuchorea ndege ya urefu fulani utaiona mpaka wapi kila upande, ukipenda mchoro huo unauweka juu ya ramani ya stesheni yako. Fanya hivyo kabla hujahangaika. Kama ramani yako inakaribia mchoro, kazi yako imekwisha, acha hela mfukoni. Kama ramani iko nusu ya mchoro, ndo ujue kuna kitu nyumbani kwako.

Na mnaopanda, naomba mnisikilize. Bati lenye maji usilikanyage. Bomba likianguka kwa urefu wake wote lisiweze kufikia nyaya za umeme, pima kabla hujalisimamisha. Na bomba la chuma lishushwe waya mpaka ardhini kwa ajili ya radi, fundi umeme anajua namna ya kufanya. Hatutaki kumzika mtu kwa sababu ya ndege za kwenye skrini.

La pili ni waya, na hapa ndo hela za watu wengi zinapopotelea bila kujua.

Desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda. Sasa ule waya mweusi mwembamba unaokuja na antena nyingi, RG-58, mita 10 zake kwenye masafa yetu zinakula kama desibeli 6. Maana yake robo tu ya kile antena ilichokamata ndo kinafika kwenye risiva. Robo! Umepanda juu, umehatarisha mguu wako, halafu robo tatu umeziacha ndani ya waya. Waya wa dishi wa kawaida, RG-6, ambao kila fundi dishi anao kwenye gari, mita 10 zinakula desibeli 2 na kidogo. Najua wataalamu watasema waya wa dishi ni omu 75 na vifaa vyetu ni omu 50. Ni kweli, na hasara ya kutolingana huko ni kama sehemu mbili ya kumi ya desibeli, haifiki hata robo ya desibeli, tofauti na desibeli 4 ulizookoa. Msitishwe na namba ya omu. Waya wa dishi mzuri wenye shaba safi, mfupi uwezavyo, unatosha kabisa.

Na kama nyumba ni ya ghorofa? Basi usishushe ishara ya ndege, shusha data. Weka risiva na Raspberry Pi kwenye boksi huko juu karibu na antena, waya wa antena uwe wa nusu mita, halafu ushushe waya wa mtandao, huo unakwenda mpaka mita 100 na umeme unaweza kupanda kwenye waya huohuo. Boksi liwe jeupe, liwe na matundu kwa chini hewa ipite, maana jua la saa saba mchana juu ya bati la Dar mnalijua na Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi yenyewe.

Sasa niwape kisa cha waya. Mama mmoja wa Mbezi alikuwa na stesheni nzuri sana, ya juu, imepangwa vizuri, na mwezi wa tatu ilikuwa inafanya kazi ya kupendeza. Masika ikaingia. Wiki baada ya wiki ndege zinapungua, za mbali zikaanza kupotea, halafu za kati. Akaambiwa kidude cha USB kimechoka, akaweka kipya, hamna kitu. Tukapanda na fundi mpaka kwenye antena, fundi akafungua konekta. Mkiona kitu hiki mara moja hamtakisahau. Ule msumari wa katikati wa shaba ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Nyuzi za nje zilizosukwa, ambazo zikiwa mpya zinang'aa, zilikuwa nyeusi na zinavunjika ukizigusa. Fundi akakata waya sentimita 10, ndani bado kahawia. Akakata tena, akauminya kwa vidole na tone la maji likatoka, likaning'inia pale kwenye ncha. Maji yalikuwa yametembea ndani ya waya kwenda chini. Ilibidi akate mpaka alipoikuta shaba nyekundu safi.

Konekta ilikuwa imefungwa kwa tepu ya umeme peke yake, na waya ulikuwa unashuka moja kwa moja kuingia ukutani. Kwa hiyo shikeni haya. Kwanza ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, unaivuta mpaka inakuwa nyembamba ndo unaizungushia, halafu juu yake tepu ya umeme, ukianzia chini kupanda juu ili kila mzunguko umwage maji nje. Silikoni ile yenye harufu ya siki msiitumie kwenye konekta, ile siki yenyewe inakula shaba. Na waya kabla haujaingia ndani, uache ulegee ushuke chini kidogo halafu ndo upande kuingia, maji yatadondokea pale penye tumbo badala ya kufuata waya mpaka sebuleni. Kwa sisi tunaokaa pwani ongeza chumvi ya bahari, kwa hiyo kila masika ikiisha panda ufungue uangalie. Kila masika. Si kila ukikumbuka.

Antena yenyewe je? Dada mmoja aliniuliza mlangoni anunue ipi. Dada yangu, anza na ya kutengeneza. Konekta moja, vipande vitano vya waya mgumu wa shaba, kila kimoja milimita 69, kimoja kinasimama wima katikati, vinne vinainama chini kwa nyuzi 45 pande nne. Hiyo ni robo ya wimbi letu. Isimame wima, wima kabisa, kwa sababu mawimbi ya transponda yanakuja yamesimama wima, ukiilaza unatupa sehemu kubwa ya nguvu. Zile ndefu za kununua zinakaza masikio kuelekea kwenye upeo, ni nzuri sana kwa ndege za mbali na za chini, ila za kutengeneza nyumbani zikikosewa milimita kadhaa zinakuwa mbovu kuliko hii ya robo. Ukishajua mahali pako panaweza kuleta nini ndo ununue ndefu.

La tatu, kelele. Hapa nitakwenda haraka kidogo lakini msilidharau.

Mjini tuna minara ya simu kila mtaa. Minara hiyo inatuma kwenye megahezi 800 na 900, jirani kabisa na 1090 yetu, na mnara ulio mita 100 kutoka kwako una nguvu kubwa mno ukilinganisha na ndege iliyo kilomita 300. Kidude chetu cha USB kinapima kwa biti 8 tu, akili yake ni ndogo, ukikipigia kelele kinaziba masikio kwa vyote. Kijana mmoja wa Tabata alifunga amplifaya nzuri ya hela nyingi, na siku hiyohiyo ndege zake zikapungua. Zikapungua! Akadhani ameuziwa feki. Haikuwa feki. Amplifaya ilikuwa inaukuza mnara wa simu uliokuwa ng'ambo ya barabara. Alipoweka filta ya 1090, yani kifaa kinachopitisha masafa yetu tu na kuzuia mengine, kabla ya amplifaya mambo yakageuka kabisa, akapita hata pale alipokuwa mwanzo.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Mnara uko karibu, filta itangulie, amplifaya ifuate. Mnara uko mbali, uko kijijini, amplifaya inaweza kutangulia maana filta nayo inakula desibeli kadhaa. Na amplifaya ikae juu kwenye antena, kabla ya waya, isikae chini mezani karibu na risiva. Ikikaa chini inakuza ishara ambayo waya umeshaila pamoja na kelele, umechelewa. Umeme wake unapandishwa kupitia waya huohuo wa antena, vifaa vingi vya sasa vina swichi ya kufanya hivyo.

Halafu ile geini, yani kiwango cha risiva kukuza ishara. Watu wanaipandisha mpaka mwisho, 49.6, wanaiacha hapo wakidhani ndo nguvu. Ishusheni hatua moja moja, kila hatua ipeni siku nzima, maana ndege za asubuhi na za usiku hazilingani na ukilinganisha saa mbili asubuhi na saa nane mchana unajidanganya. Angalia asilimia ya ujumbe uliokuja na nguvu kupita kiasi, ikizidi 5 hivi shusha geini. Anga yetu haina msongamano wa Ulaya kwa hiyo mara nyingi tunaweza kukaa na geini ya juu kidogo kuliko wao, lakini pima, usikisie.

Umeme nao nusu dakika. Chaja nzuri ya kweli ya Raspberry Pi, si chaja ya simu, na waya wa chaja mfupi na mnene. Na UPS ndogo, yani betri ya akiba, ile ya kuwekea ruta, kwa sababu umeme ukikatika ghafla memori kadi inaharibika na unarudi nyumbani unakuta stesheni imekufa toka juzi.

Sasa ndugu zangu nataka kusema kile hasa kilichonitoa nyumbani leo.

Kila nikikutana na mtu mwenye stesheni ananiambia, mimi nafika kilomita 400, mimi nafika 420. Sawa, hongera. Lakini nani ataniambia anaona chini kiasi gani? Ndege ya futi 35,000 inayopita kutoka Johannesburg kwenda Dubai inaonwa na kila mtu, akikosa huyu ameiona yule. Ndege ndogo, zile Cessna Caravan zenye usajili wetu wa 5H zinazobeba watu na dawa na magazeti kwenda Mafia, Pemba, Unguja, ndege ambazo ndani yake wamekaa mama zetu na shangazi zetu, hizo nani anaziona?

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines safari namba 302 iliruka Addis Ababa kwenda Nairobi. Mnakumbuka. Watu 157, na Wakenya peke yao walikuwa 32. Ilidumu angani dakika 6 hivi. Siku ileile kabla uchunguzi haujaanza, data za risiva za ardhini, vifaa vya aina hii tulivyo navyo sisi, zilishaonyesha kwamba ile kasi ya kupanda na kushuka haikuwa imetulia toka iliporuka. Lakini data zile zikakatika ndege ikiwa bado hewani. Ilikuwa chini na nchi ile ni ya milima. Kipande kilichobaki kilikuja kupatikana kwa satelaiti, na tarehe 13 Canada ilipoizuia 737 MAX, aina ya ndege ile, isiruke, waziri wao wa usafiri alitaja data hizo za satelaiti. Mimi nilifuatilia jambo lile siku hadi siku na kitu kimoja hakijanitoka moyoni. Stesheni moja, mahali pazuri, antena ikiona chini, ingeweza kuwa na dakika zile zote.

Kwa hiyo jipimeni kwa ndege ya Mafia. Kutoka uwanja wa Dar mpaka uwanja wa Mafia ni kama kilomita 125. Antena yako iko mita 10? Piga ile hesabu. Ndege ikiwa mita 300 juu utaiona mpaka kilomita 85 hivi. Ikifika mita 1,000 unaiona mpaka 143. Maana yake Caravan ikiruka Mafia, kabla haijafika mbali inatakiwa itokee kwenye skrini yako ikipita mita 800 hivi. Inatokea? Au inatokea ikiwa imeshavuka Rufiji? Kama inachelewa, upande wako wa kusini una kitu, panda ukakiangalie. Na Unguja, kilomita 73, ndege inayokaribia kutua kule inatakiwa uione ikishuka mpaka chini ya mita 300. Hiki kipimo hakina gharama na hakidanganyi, ratiba za ndege zipo, kaa na chai yako utazame.

Na stesheni moja haitoshi. Zipo ndege ndogo ambazo transponda yake ni ya zamani, inajitaja lakini haisemi iko wapi. Hizo zinapatikana kwa hesabu ya muda, stesheni 4 au zaidi zikisikia ujumbe uleule, programu inalinganisha nani amesikia kwanza na kwa tofauti gani, na redio inakwenda mita 300 kwa kila maikrosekunde, ndo inapata mahali ilipo. Nne zisikie ndege moja kwa wakati mmoja! Tatu mara nyingi hazitoshi. Ukiwa wewe na mimi na yule wa Tabata tu, ndege ile inaweza isionekane. Na kila mmoja awe ameandika mahali antena yake ilipo kwa usahihi wa mita chache, siyo katikati ya kata, maana ukikosea wewe unaharibu hesabu ya wote.

Wenzetu Ulaya walianza hivihivi. Flightradar24 ilianzia Sweden mwaka 2006, wapenda ndege wawili na mradi wao wa mapenzi. Aprili 2010 volkano ya Iceland ilipofunga anga, mamilioni wakafungua ramani ile kuangalia anga ya Ulaya ilivyokuwa tupu, na sehemu kubwa ya ramani hiyo ilitoka kwenye antena za watu wa kawaida juu ya mapaa yao. Hakuna serikali iliyowapandisha juu.

Tukirudi kwetu. Kaskazini tuko vizuri, Bagamoyo ipo, Mbezi ipo. Kusini ndo pana shida. Ili ndege za Mafia zipatikane zote, hata za transponda za zamani, tunahitaji masikio Kigamboni, Mkuranga, Kibiti na Mafia yenyewe. Kigamboni tunaye mwalimu wetu. Mkuranga kuna vijana wawili wamekaa pale nyuma, nimeshaongea nao, nguzo wanayo, wanakosa waya tu na waya nimekuja nao kwenye gari. Kibiti shule moja imekubali tuweke juu ya jengo la maabara. Kilichobaki ni Kilindoni, kule Mafia. Kama una ndugu, rafiki, shemeji, mtu yeyote Kilindoni mwenye umeme na intaneti na paa lisilofunikwa na minazi upande wa kaskazini, naomba uniachie namba yake kabla hujatoka mlangoni. Vifaa vyake vipo mezani pale, vimeshafungwa.

Asanteni sana.